Springi Iliyovunjika: Somo kwa Vikundi Vyenye Gari Kuukuu

Somo letu la leo lahusu kitu ambacho wengi wetu hatukioni mpaka kivunjike, yaani springi ya gari. Huenda ukauliza, watu wa maendeleo ya jamii na springi wapi na wapi? Ngoja kidogo. Vikundi na jamaa nyingi hapa Ziwa la Ng'ombe, Kisauni na Kongowea wanategemea gari kuukuu: pikapu ya maji, matatu ya kwenda mjini, Probox ya kuchukua mboga sokoni. Gari hilo ndilo karo ya watoto, ndilo unga wa jioni. Likilala, nyumba kadhaa zalala nalo.

Kama desturi yetu, tutafuata hatua tatu: kuona, kupima, na kutenda. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

TUONE: JAMBO LILILOTOKEA

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukitembelea kila mwezi kikundi kimoja cha akina mama na vijana. Jina lake tumelificha kwa makusudi. Kikundi hiki kilichanga pesa, kikakopa kidogo, kikanunua pikapu ya tani moja iliyokwisha kutumika miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuuza maji. Nyote mwajua shida ya maji ya mtaa wetu, mifereji ikikauka siku nyingi mfululizo. Biashara ilienda vizuri, na deni likaanza kupungua.

Asubuhi moja dereva akaona gari limelala upande wa kushoto, nyuma. Akaita fundi. Fundi akaingia chini, akatoka akitikisa kichwa.

"Lile bapa kubwa la springi limepasuka karibu na jicho," akasema. "Hili ni la kubadilisha, na afadhali mbadilishe pande zote mbili."

Mama mweka hazina akauliza, "Kuchomea ni pesa ngapi?"

"Kuchomea naweza, mama, lakini halitakaa."

"Litakaa siku ngapi?"

"Hilo siwezi kukuambia."

"Basi tuchomee, mwanangu. Wateja wangoja. Mwisho wa mwezi tutabadilisha."

Wanachama wakaitwa haraka, wakakubaliana kwa kunyoosha mikono. Springi ikachomewa.

Siku ya sita gari lilibeba mitungi 70, na vijana wawili wakapanda juu yake. Lilipoingia kwenye shimo lililojaa maji ya mvua, lile bapa likakatika kando ya mshono wa weldingi. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, paipu ya breki ikavutika mpaka ikakatika, na gari likaenda lenyewe mtaroni. Kijana mmoja akavunjika paja.

Tulimkuta wodini akiwa amefungwa mguu. Mama yake alikuwa kando ya kitanda. Mama huyu ni mwanachama wa kikundi kile kile, na siku ya kuamua alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Alituambia neno moja tu: "Mimi nilidhani ni chuma tu."

Ndugu zetu, somo hili tunaliandika kwa sababu ya neno hilo.

TUPIME: SPRINGI NI KITU GANI?

Kazi ya springi ni mbili. Kwanza hubeba uzito wa gari na mzigo. Pili hupokea pigo la shimo ili lisifike kwa abiria, kwa mzigo, wala kwa chesisi. Shokabsoba ni kitu kingine: hiyo huzuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya pigo. Watu wengi huchanganya vitu hivi viwili, wakanunua shokabsoba mpya ilhali springi ndiyo iliyokufa.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni springi ya bapa. Hizi ni pau za chuma zilizopindwa kidogo na kupangwa moja juu ya nyingine, ndefu kwa fupi. Ile ndefu kabisa imekunjwa ncha zake zikawa kama jicho, na humo mwapita pini na bushi. Katikati pau zote hushikwa na bolti moja, kisha hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U, ambazo mafundi huziita yubolti. Springi za bapa ndizo zilizo nyuma ya pikapu nyingi, malori, na matatu kama Toyota Hiace.

Fahamuni jambo hili: springi ya bapa hubeba uzito, tena ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Bapa kubwa likikatika, au bolti ya katikati ikikatika, ekseli yaweza kuteleza. Gari huanza kwenda upande upande kama kaa wa ufuoni. Hivyo ndivyo breki ya pikapu yetu ilivyokatika.

Aina ya pili ni springi ya koili, ile iliyozungushwa kama springi ya kitanda. Hizi ziko kwenye magari madogo, kama Corolla na Probox. Koili mara nyingi hukatika mzunguko wa chini kabisa, pale inapokalia kikombe chake, kwa kuwa hapo mchanga na maji hukaa na rangi yake hubanduka mapema. Ubaya wa koili ni kwamba yaweza kukatika na gari likaendelea kutembea, dereva asijue. Lakini ncha iliyokatika ni kali. Ikitoka mahali pake hutoboa tairi, na gari likiwa mbioni hilo ni ajali.

KWA NINI ZAVUNJIKA HAPA KWETU?

Chukua waya, ukunje huku na huku. Mara ya kwanza haukatiki, wala mara ya tano. Lakini ukiendelea utakatika, tena kwa nguvu ndogo. Springi nayo ni hivyo. Kila shimo ni mkunjo mmoja. Ufa mdogo huanza mahali fulani, ukaongezeka kidogo kidogo, mpaka siku moja chuma kilichobaki hakitoshi kubeba. Ndiyo maana watu husema, "Imevunjika ghafla." La, haikuvunjika ghafla. Ilikuwa ikivunjika kwa miezi, na hakuna aliyeinama kuangalia.

Hapa Pwani tuna sababu nne zinazoharakisha ufa huo.

Ya kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari unaleta chumvi mchana na usiku. Visima vingi vya upande wetu vina maji ya chumvi chumvi, na ndiyo maji ambayo vijana wetu huoshea magari. Chumvi huleta kutu, kutu huchimba vishimo vidogo kwenye chuma, na kwenye vishimo hivyo ndipo ufa huanzia. Kule Uingereza hali ni hiyo hiyo, ingawa chumvi yao haitoki baharini. Wao humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na magari yao nayo huvunjika springi.

Ya pili ni umri wa magari. Magari mengi tunayonunua yameshuka bandari ya Mombasa yakiwa yametumika kwao. Sheria za Kenya zinakataa kuingiza gari lililopita miaka minane, lakini likishaingia laweza kutembea hapa miaka ishirini na zaidi. Gari ambalo kikundi kidogo chaweza kulinunua mara nyingi limepita mikono mitatu au minne.

Ya tatu ni barabara. Ukitoka lami ya barabara ya Malindi na kuingia mitaani, wakutana na mashimo, mitaro iliyokatwa barabarani, na matuta ya kujitengenezea. Masika ya Aprili na Mei ikija, mashimo hujaa maji na dereva haoni kina chake.

Ya nne ni mzigo, na hapa lawama ni yetu wenyewe. Hebu tufanye hesabu ya pikapu yetu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20. Mitungi 50 ni kilo 1,000, yaani tani moja kamili. Sisi tulibeba 70, sawa na kilo 1,400. Ongeza vijana wawili, tuseme kilo 60 kila mmoja, yafika 1,520. Hapo hatujahesabu uzito wa mitungi yenyewe. Gari la tani moja lilikuwa likibeba tani moja na nusu, tena mara kadhaa kwa siku. Wabebao saruji wahesabu vivyo hivyo: mfuko ni kilo 50, basi mifuko 20 imetosha. Wabebao mawe ya matumbawe wapime jiwe moja kwa mizani ya duka, wazidishe.

KWA NINI KUCHOMEA HAKUFAI?

Hili ndilo kiini cha somo. Chuma cha springi si sawa na chuma cha dirisha au cha geti. Kiwandani hutiwa moto mpaka kupita digrii 800, kikazamishwa ghafla ndani ya mafuta ili kiwe kigumu. Kisha hupashwa tena kwa moto mdogo zaidi, wa digrii mia nne na zaidi, ili ugumu ule uwe na unyumbufu. Ndipo huweza kupinda na kurudi mara nyingi mno bila kukatika.

Fundi wa weldingi akikigusa kwa moto wake, huiharibu kazi yote hiyo. Karibu na mshono chuma huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Mbele kidogo huwa laini, kimepoteza nguvu. Kwa hiyo mshono waweza kuonekana mzuri sana, na fundi awe hodari, lakini springi itakatika kando yake. Yetu ilikatika hapo hapo. Msimlaumu fundi aliyechomea. Mkono wake ulikuwa sawa, na alitwambia mapema.

Wengine husema, "Basi tuongeze bapa, springi iwe na nguvu." Hilo nalo tulitafakari. Ukiongeza bapa, gari halitalala, ni kweli. Lakini pigo la shimo sasa litaenda kwenye chesisi, na tairi, beringi na breki ni zile zile. Kuongeza bapa si kuongeza breki. Gari litasimama likiwa limeinuka vizuri, huku likiwa na mzigo lisiloweza kuusimamisha.

"LAKINI KWA NINI?"

Baada ya ajali tulikaa na kikundi, tukaulizana swali hilo hilo mara nyingi, kama tunavyofanya katika semina zetu. Kwa nini kijana aliumia? Kwa sababu springi ilikatika. Lakini kwa nini? Kwa sababu ilichomewa. Lakini kwa nini ilichomewa? Kwa sababu hapakuwa na pesa ya springi. Lakini kwa nini hapakuwa na pesa, na gari liliingiza kila siku? Kwa sababu daftari lilikuwa na safu ya petroli, ya dereva, ya deni, na ya gawio. Safu ya gari lenyewe haikuwako.

Na daftari lile nani alilipanga? Ni sisi. Sisi wafanyakazi wa maendeleo ndio tuliowafundisha kuweka hesabu, na hatukuwafundisha kwamba gari hujila lenyewe kila siku, na kwamba sehemu ya pato si faida bali ni deni la gari. Tulisema hivyo mbele yao. Mama mweka hazina alilia, kwani alidhani lawama zote ni zake. Hazikuwa zake peke yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mtu ataziba na nini kama hakuweka udongo kando?

TUTENDE: MAMBO SABA YA KUFANYA

1. Ukaguzi wa kila asubuhi. Gari likiwa tupu, mahali pa sawa, simama nyuma yake uangalie kama limelala upande mmoja. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, na uandike. Vipimo vikianza kutofautiana, ita fundi. Sikiliza pia mlio mpya wa kugonga kwenye mashimo, na uangalie kama tairi limekwaruzwa ndani.

2. Ukaguzi wa kila wiki. Fundi aangalie chini kwa tochi: kama kuna bapa lililotoka kwenye mstari, yubolti zilizolegea, bushi zilizokwisha, au mstari wa kutu unaokatiza bapa. Ukishuku ufa, paka mafuta ya taa, ngoja kidogo, pangusa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu. Njia hii ifanyeni pia mnunuapo springi ya mitumba, kabla ya kutoa pesa.

3. Ikivunjika, badilisha, usichome. Badilisheni kushoto na kulia za ekseli moja kwa pamoja, kwa maana ikiwa moja imechoka, mwenzake amepita njia ile ile. Tumieni yubolti mpya, na baada ya siku chache za kazi zikazwe tena, kwani hulegea springi ikishakaa.

4. Ikivunjikia njiani, teremsha mzigo na watu wote. Kama ni koili na ncha yake iko karibu na tairi, au kama ni bapa kubwa, gari lisiendeshwe. Kufunga kwa kamba ya mpira na kigogo cha mti ni kwa ajili ya kulitoa barabarani tu.

5. Osheni chini ya gari kwa maji matamu, hata kwa mwezi mara moja, hasa kama gari hushuka ufuoni. Dumu mbili za maji ya mvua ni rahisi kuliko springi.

6. Watu wasikae juu ya mzigo. Bima ya gari la mizigo haikuandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi juu ya magunia. Tena gari la biashara lapaswa kukaguliwa kila mwaka chini ya mamlaka ya usafiri, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Msingoje siku hiyo ndipo mtazame chini ya gari.

7. Fungueni safu ya gari katika daftari. Tuchukue mfano: mkiweka shilingi 100 kila siku ya kazi, kwa siku 26 ni shilingi 2,600 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 31,200. Nendeni kwa wauza spea mjini mkaulize bei ya springi za gari lenu leo, kabla hazijavunjika, kisha mpange kiasi chenu. Pesa hizi zisikopeshwe, zisigawanywe wakati wa sikukuu, zisiguswe ila kwa gari.

NENO KWA VIJANA WA GEREJI

Vijana wetu wengi hujifunza kazi kando ya barabara, kwa kuangalia mafundi wakubwa. Twawasihi mambo mawili. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma au magogo mazito ya mti. Usitumie mawe ya matumbawe. Tumbawe hubeba vizuri kwenye ukuta, lakini chini ya gari hupasuka bila kutoa onyo. La pili, springi ya koili iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Usiifungue kwa kutegemea waya au kamba. Tumia chombo chake cha kubania, na usiweke uso wako mbele yake. Kama gereji yenu haina, gereji tatu zaweza kuchanga zikanunua kimoja. Na mwenye ujuzi afanye mtihani wa serikali wa ufundi, ambao leo husimamiwa na NITA, ili apate cheti cha mikono yake.

Wala springi iliyokufa isitupwe. Mhunzi huitia moto, akaifua, akatoa panga, kisu au patasi nzuri. Mwuzieni. Hiyo ndiyo kazi ya moto kwa springi iliyovunjika, na si kurudi tena chini ya gari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jambo tulilolisimulia, ni nani waliojua hatari? Kwa nini sauti yao haikusikika?
2. Gari la kikundi chetu hubeba kilo ngapi kwa kweli? Tufanye hesabu hapa hapa.
3. Daftari letu lina safu ya gari? Kama halina, tutaanza na shilingi ngapi, na kuanzia siku gani?
4. Nani atakuwa mkaguzi wa asubuhi, na ana ruhusa ya kusema, "Leo gari halitoki"?

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote. Kikundi chetu kilijadili jioni mbili. Mwishowe walimchagua yule kijana, aliporudi na magongo yake. Dereva alinung'unika mwanzoni, lakini walikubaliana na kuandika katika kitabu cha mikutano: yeye akisema gari halitoki, halitoki, hata kama wateja wamepanga foleni.